Kuvuka Likoni na Daftari la Kikoba

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 shangazi yangu alinipigia simu kwa hasira. Kikoba chao cha Mbagala, yaani kikundi chao cha kuweka akiba na kukopeshana, kilikuwa kimekaa tangu saa nane mchana, wanachama 23 wamelizunguka sanduku, na programu niliyowatengenezea haifunguki. "Mwanangu, hela tunazo mkononi, watu wote tumo humu humu uani, lakini simu inasema haipati mtandao. Sasa humo ndani inamtafuta nani?"

Sikuwa na jibu. Jioni ndipo tukasikia kwamba mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, imekatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti imezorota karibu Afrika Mashariki nzima. Seva ya programu yangu nilikuwa nimeikodi kwa kampuni moja ya Ulaya. Maana yake, kila katibu alipoandika "hisa tatu", maneno yake yalipita chini ya bahari mpaka bara jingine na kurudi, ndipo mweka hazina aliyeketi naye mkeka mmoja ayaone. Swali la shangazi lilinikaa rohoni miezi mitatu. Ndilo lililonitoa Dar es Salaam mwishoni mwa Agosti kwenda Mombasa, safari yangu ya kwanza nje ya Tanzania.

Nilikuwa na mwenyeji. Dada mmoja wa Mikindani ya Mombasa, mwandishi wa programu kwa kazi, tulikuwa tumesaidiana kurekebisha programu huria kwa karibu mwaka mzima bila kuonana. Nilipomsimulia ya kikoba akaniandikia: "Njoo Mombasa. Huku mikongo yatua, na huku kuna watu walioanza hayo mambo kwa karatasi kabla ya simu. Njoo na daftari lenu, usije na laptopu peke yake." Shangazi akanipa daftari la zamani lililojaa, la mwaka 2021, akalifunga kwa kitenge kama mtu anayefunga msahafu.

Basi liliondoka alfajiri. Chalinze, Segera, kisha Muheza ambako machungwa yaliingia kwa madirisha ya pande zote mbili kabla gari halijasimama sawasawa. Baada ya Tanga mashamba ya mkonge yakatusindikiza, na kabla ya saa tisa tulikuwa Horohoro. Ofisa wa uhamiaji wa Kenya aliniuliza naenda kufanya nini kwao. Nikamjibu ukweli: kujifunza intaneti iliyogatuliwa. Akainua macho. "Ugatuzi umefika hadi kwenye intaneti?" Kwa Mkenya neno hilo halihitaji kamusi. Tangu katiba ya 2010, na serikali 47 za kaunti zilizoanza kazi 2013, ugatuzi ni habari ya zahanati yako na barabara yako: nani anaamua, na anaamua akiwa wapi. Nilipigiwa mhuri nikaondoka na maelezo mazuri kuliko yote niliyokuwa nimeyasoma katika lugha ya kigeni.

Likoni, kwenye feri ya kuvukia kuingia kisiwa cha Mombasa, tulifika jua likizama. Abiria wote hushuka na kuvuka kwa miguu, gari huvuka na magari mengine. Nilisimama katikati ya umati ambao sijawahi kuuona kwenye kivuko chochote: wanafunzi, mahamali na mikokoteni yao, kina mama na ndoo za samaki, baiskeli zimeinuliwa juu ya vichwa. Maji yenyewe ni mita mia tano hivi. Feri moja ilikuwa imeharibika siku hiyo, na nyingine zikawa zinabeba mzigo wake. Mzee mmoja niliyemshikia mfuko alinieleza kwamba zamani, feri zikigoma, mwenye gari alizunguka Kwale na Kinango, mwendo wa nusu siku, kwa ajili ya mita hizo mia tano. Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu. Nikawaza kwamba watu wa Likoni hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza hatari ya kutegemea njia moja.

Asubuhi yake mwenyeji wangu alinipeleka Mama Ngina, pale mibuyu inapotazamana na mlango wa bandari. Tulinunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tukakaa ukingoni kutazama meli zikiingia Kilindini. "Mkongo wa TEAMS ulifika hapa Mombasa 2009, kutoka Fujairah kule Imarati," akasema. "Februari 2012 meli moja iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa. Nanga ikaukata. Nanga moja, kaka."

Nilidhani ataanza kuilaumu intaneti. Hakufanya hivyo. Alinikumbusha kwamba Paul Baran, mtafiti wa RAND huko Marekani, alikwishachora mwaka 1964 michoro mitatu: mtandao wenye kitovu kimoja, wenye vitovu kadhaa, na ule unaofanana na wavu wa mvuvi, ambao ukikatika uzi huu samaki bado hapiti. Chini kabisa, intaneti ilijengwa ikifuata fikra ya wavu. Sisi tuliojenga juu yake ndio tuliorudisha kitovu, kwa sababu ni rahisi kuandika programu yenye seva moja inayojua kila kitu. Hata njia za ndani tulizipigania. Nairobi walianzisha kituo cha kubadilishana intaneti, KIXP, mwaka 2000, ili barua pepe kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine isipitie ng'ambo. Kikafungwa muda mfupi baadaye kwa hoja ya leseni, kikafunguliwa tena 2002. Lakini kituo hicho hakiwezi kukusaidia kama wewe mwenyewe umeiweka seva yako Ulaya. Hapo alinitazama mimi. Nilikubali kosa.

Mchana tulipanda matatu hadi mtaa wa Bangladesh, upande wa bara, nyuma ya Mikindani. Hapa ndipo Mei 2013 ilipoanza Bangla-Pesa: hati ndogo za karatasi ambazo wafanyabiashara wadogo walikubaliana kupokeana pale shilingi zinapoadimika. Muuza maji anamlipa mshona nguo, mshona nguo anamlipa muuza mboga, kazi inaendelea ingawa shilingi haijaonekana siku nzima. Mwezi huohuo polisi waliwakamata watu sita, akiwemo mwanzilishi Will Ruddick, kwa tuhuma za kughushi. Agosti mashitaka yakaondolewa, na mpango ukaendelea. Miaka iliyofuata, chini ya shirika lao la Grassroots Economics, karatasi zikawa Sarafu ya simu, kumbukumbu zake zikiwekwa kwenye blokcheni, daftari la kidijitali ambalo nakala zake hushikwa na kompyuta nyingi. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021, kipindi kigumu cha korona, takriban watu 40,000 waliitumia Sarafu nchini Kenya.

Mama mmoja jirani, muuza viazi karai, alitutolea hati moja aliyoihifadhi ndani ya pochi. Kingo zimelika, imekunjwa mara nne. Nilimwamkia nikamwuliza kwa nini aliiamini karatasi isiyo na benki nyuma yake. "Marahaba mwanangu. Nyuma yake kuna sisi," akasema, akanionyesha kwa kidole duka la kinyozi, banda la mkaa na mlango wa fundi cherehani. Wamijikenda wana desturi ya mweria, ya kulimiana mashamba kwa zamu, na bila shaka wazo hilo halikuwa geni kwake. Sikupata maelezo bora zaidi ya imani katika mtandao usio na mkubwa: hati ina thamani kwa sababu watu wanaojulikana wameahidi kuipokea.

Nilikuwa nimekwenda nikiamini kwamba jawabu la kikoba chetu ni blokcheni. Siku mbili za mezani ziliniondolea imani hiyo, na naomba nieleze kwa kirefu kidogo, maana vijana wengi nyumbani wakilisikia neno hilo wanafikiria utajiri wa usiku mmoja, na wapo walioliwa ada za chuo kwa sababu yake.

Mwenyeji wangu alianza kwa kuchomoa waya wa ruta. Meza ilikuwa na laptopu mbili na simu yangu, intaneti hakuna. "Sasa fungua daftari la shangazi, chagua mstari." Nilichagua mchango mmoja wa 5,000. Akauandika kwenye kompyuta na kuupitisha kwenye kanuni iitwayo SHA-256. Ikatoka hashi: mlolongo wa tarakimu na herufi 64. Akaongeza sifuri moja, 5,000 ikawa 50,000. Herufi 64 zikaja upya, hakuna anayeweza kutambua kwamba mistari ile ni ndugu. Kisha akafanya kila mstari ubebe ndani yake hashi ya mstari uliotangulia. Ukiugusa mstari wa Machi, mistari ya Aprili hadi Desemba yote inakataa. "Hapa hakuna sarafu yoyote," akasema. "Git, hiyo ya kutunzia matoleo ya programu, yafanya hivihivi tangu Linus Torvalds aitoe 2005. Waitumia kila siku na hujaifungua ndani. Ifungue."

Ndiyo maana nasema ujuzi wa kwanza ni kuifahamu hashi kama seremala anavyoifahamu randa. Ukishaielewa, nusu ya mambo haya yanajieleza. IPFS, mfumo wa kuhifadhi faili ulioanzishwa na Juan Benet, unaita kila faili kwa hashi yake badala ya mahali ilipo. Ukimtuma mtoto "nenda duka la Mangi ukalete chumvi", duka likifungwa atarudi mikono mitupu. Ukimwambia "niletee chumvi", ataipata kwa jirani yeyote, nawe utaionja kujua kama ni chumvi kweli. Hashi ndiyo ulimi wa kuonjea. Mwaka 2017 Uturuki ilipoifunga Wikipedia, nakala ya Kituruki iliwekwa kwenye IPFS, na mtu yeyote aliyekuwa nayo aliweza kumgawia mwenzake bila kuwepo mlango mmoja wa kuufunga. Na swali la nani kati ya majirani anayo chumvi lina jawabu lake pia, kanuni inayoitwa Kademlia, iliyotolewa 2002 na Petar Maymounkov na David Mazières. Kila mashine inawajua majirani wachache tu, na kwa kuulizana hatua chache mtu hupatikana kati ya mamilioni.

Siku ya pili ndipo nilipoaibika, na ndipo nilipojifunza zaidi. Nilikuwa nimeandika programu mpya usiku: kila kifaa kina nakala yake, vikikutana vinalinganisha, na kilichoandikwa mwisho ndicho kinachoshinda. Tukajaribu. Kwenye laptopu yake tuliandika hisa tatu za mwanachama mmoja. Kwenye simu yangu, bila mawasiliano, tukaandika faini ya 1,000 ya mwanachama yuleyule. Tukaviunganisha. Hisa zikapotea. Tukarudia, safari hii nikianza na faini na kumalizia na hisa, nikijua hisa zitashinda. Zikapotea tena.

Alicheka kwa upole akanionyesha saa za vifaa viwili. Ya laptopu yake ilikuwa nyuma dakika tatu. "Kaka, saa yakudanganya. Wataka mashine mbili zikubaliane, na kila moja yaamini saa yake? Leslie Lamport alisema tangu 1978: huna haja ya kujua ilikuwa saa ngapi. Yatosha kujua lipi lilitangulia lipi." Halafu akalivuta daftari la shangazi, akafunua ukurasa wenye kosa. Mtu alikuwa ameandika 2,000 badala ya 3,000. Tarakimu haikufutwa. Chini yake, kwa kalamu, kulikuwa na mstari mpya: "kuongeza 1,000, kosa la tarehe 9", na sahihi mbili.

Pale nilikumbuka sheria ya shangazi, ambayo siku zote niliiona ya kizamani: kwenye daftari la kikoba hakuna ufutio. Programu yangu ilikuwa inaweka salio na kuliandika upya kila mara. Daftari linaweka matukio, salio linahesabiwa. Matukio ukiyaunganisha kutoka simu tatu, unayakusanya tu pamoja, hakuna la kushinda wala la kushindwa, na mpangilio wa kufika haubadilishi jumla. Wataalamu, Marc Shapiro na wenzake, waliipa aina hii ya miundo ya data jina lake, CRDT, mwaka 2011. Kina mama wa Mbagala hawakulisubiri. Nikafuta kazi ya usiku mzima na kuanza upya nikiwa na furaha.

Swali la funguo lilikuwa gumu zaidi. Katika mifumo hii hakuna ofisi ya kwenda kusema umesahau nywila. Una ufunguo wa siri wa kutilia sahihi na ufunguo wa wazi ambao wengine wanauthibitishia. Simu ikiibwa kwenye daladala, utambulisho wako umekwenda nayo. Nikasema kwamba hapo kikoba chetu kina desturi: sanduku la fedha lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu wasio wa nyumba moja, na halifunguliwi mpaka wote wafike. Mwenyeji wangu aliruka kwenye kiti. Adi Shamir alichapisha mwaka 1979 namna ya kuigawa siri vipande, kwa mfano vitatu, ambavyo viwili vyovyote vinatosha kuirudisha na kimoja peke yake hakisemi lolote. Usiku ule tulikubaliana: ufunguo wa kila mwanachama utagawiwa watu watatu anaowachagua mwenyewe. Kina mama wangeuelewa mpango huo bila semina, kwa kuwa wanaishi nao.

Mambo mengine niyapite haraka. Lugha za programu tulizotumia zilikuwa Go na JavaScript. Rust inapendwa sana kwenye kazi hizi na inastahili muda wako. Solidity, ya kuandikia mikataba inayojitekeleza yenyewe kwenye blokcheni ya Ethereum, isubiri mpaka uwe umezoea kuhofia makosa: Juni 2016 kasoro moja katika mkataba ulioitwa The DAO ilimruhusu mtu kuchota ether, sarafu ya Ethereum, milioni 3.6, na mkataba wa namna hiyo ukishawekwa haurekebishiki kama ukurasa wa tovuti. Usiidharau USSD, zile menyu za kupiga nyota na alama ya reli. Ndiyo iliyoibeba Sarafu kwenye simu za kitochi, na ndani yake una herufi 182 tu kwa skrini, kwa hiyo Kiswahili chako kiwe kifupi na kisichobabaisha.

Ila jambo moja lilitukesha. Nilitaka simu yangu Mombasa izungumze moja kwa moja na ya mdogo wangu Dar, bila seva. Ikashindikana. Anwani za IPv4 duniani ni kama bilioni 4.3, hazitoshi, kwa hiyo kampuni za simu huweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani chache. Simu yako inaweza kutoka kubisha kwa wengine, lakini hakuna anayeweza kubisha kwake. Dawa ni kumtafuta mtu wa tatu mwenye anwani ya wazi awatambulishe, kisha kila upande ubishe kwa wakati mmoja ili milango ifunguke pamoja. Ikishindikana hapo, mtu huyo wa tatu abebe ujumbe uliofungwa kwa siri asiousoma. Tulijaribu mara nyingi sana. Adhana ya alfajiri ilipoanza ndipo neno "vipi" lilipotokea kwenye skrini kutoka kwa mdogo wangu, ambaye naye hakuwa amelala. Anayetaka kazi hii ajifunze mitandao hadi ngazi hiyo ya chini. Vitabu vya kuanzia haviigusi, na ndiyo hali halisi ya simu zetu.

Na blokcheni? Nilimwuliza wazi kabla sijafunga mkoba. Akanijibu kwamba inafaa pale wasiojuana wanapohitaji hesabu moja wasiyoweza kuikana, kama hati za vijiji vingi zinazopita mikononi mwa watu ambao hawatakutana kamwe. "Ninyi ni ishirini na watatu, mwajuana mpaka majina ya watoto. Wataka nini na blokcheni?" Ndivyo ninavyoamini sasa. Nimekataa kazi mbili tangu nirudi, za watu waliotaka niwawekee blokcheni mahali palipohitaji daftari zuri lenye nakala.

Nilivuka Likoni nikirudi, feri zote zikiwa zinafanya kazi. Novemba tuliwekea kikoba programu mpya. Siku ya kwanza niliwaomba wazime data, nikajua wengine walikuwa hawana bando hata kabla ya kuombwa. Katibu, mweka hazina na shangazi waliandika kila mmoja kwenye simu yake, zikaunganishwa kwa ruta ndogo isiyo na intaneti, na jumla ikasomwa kwa sauti: 412,500 kwenye simu zote tatu. Shangazi akahesabu tena kwa daftari, mstari kwa mstari, watu wote wakimsubiri. Ilikuwa 412,500. Daftari bado tunaandika kwa kalamu kila Jumapili, nasi tunalihesabu kuwa nakala ya nne.